Vijiti vya Mama Aneth

Idda alipokuja kupanga chumba kwetu Makambako hakuuliza kodi wala choo kiko wapi. Aliuliza kama kuna mahali pa kupanda maua.

"Ya kuuza?" nikamwuliza.

"Ya kutazama tu, dada."

Nilicheka, maana nyuma ya mgahawa wetu palikuwa na mapipa, magunia ya viazi na matairi mabovu ya Fuso la mume wangu Badru, basi. Lakini nilimpa kipande cha ardhi kando ya ukuta. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuitana. Yeye aliniita Mama Luqmani, mimi nikamwita Mama Aneth, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Alikuwa Mbena wa Uwemba, amekulia jirani na misheni ya Wakatoliki, na mama yake, Mama Yunisi, alikuwa akifua nguo za masista. Mumewe Obed alikuwa Mkinga wa Makete, mwanamume mrefu asiyependa kupaza sauti. Kwa ajili yake Idda alihama kanisa, akaingia katika kanisa dogo la kilokole alilosali Obed, lile lililokuwa na ukuta wa mabanzi njia ya kwenda stesheni ya treni. Mama Yunisi alinuna mwaka mzima, kisha akazoea.

Obed alifanya kazi katika kiwanda cha mbao upande wa Njombe. Jumatatu alfajiri aliondoka na lori la kiwanda, Jumamosi alirudi nywele zimejaa unga wa msumeno. Jumamosi ya mshahara alirudi na bahasha. Hakuipasua njiani hata mara moja. Aliiweka mezani mbele ya mkewe, akanawa, akakaa, na ndipo walipoifungua pamoja. Wanawake wa ua ule tuliokuwa tukisubiri waume zetu wapitie kwanza kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, tulimwonea Idda wivu, na hatukumficha.

Mtoto wa pili, Agustino, alizaliwa kwa kupasuliwa, kama Aneth kabla yake. Safari hii Idda alivuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Daktari aliwaita wote wawili akawaambia wazi kwamba mimba nyingine ingemweka mama hatarini. Alishauri kizazi kifungwe. Idda akaomba kwanza wafikiri. Mlango ukishafungwa moja kwa moja, alisema, mtu huanza kuusikiliza kila siku. Ndipo nesi wa zahanati ya karibu na sisi, Fidelia, alipowaeleza habari ya vijiti. Viwili, vyembamba, virefu kama njiti ya kiberiti, vinaingizwa chini ya ngozi ya mkono wa juu na kumlinda mwanamke kwa miaka mitano.

Hapa naomba nieleweke. Halikuwa jambo la siri. Obed alikwenda naye zahanati. Alikaa kwenye benchi na Agustino mapajani wakati mkewe anachomwa ganzi, na walipotoka alimwuliza kama panauma, akamnunulia soda. Niliwaona kwa macho yangu wakipita mbele ya mgahawa, yeye amembeba mtoto kama mwanamke, hajali watu watasema nini.

Miaka miwili ilipita ya amani. Idda alikuwa akinisaidia kumenya viazi asubuhi, na mara nyingine, akizungumza, vidole vyake vilikwenda vyenyewe pale mkononi, vikapapasa.

"Vipo?" nilimtania.

"Vipo, vinalinda zamu."

Basi mwaka wa elfu mbili na tano, kiwanda kikatangaza kwamba bahasha zimekwisha. Kilikuwa zamani kiwanda cha serikali, kikauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akasema mishahara yote itapitia benki. Kila mfanyakazi atapewa kadi, atakwenda nayo mjini Njombe, ataichomeka kwenye mashine ukutani, atabonyeza namba zake za siri, na mashine itampa fedha. Siku hizi hata mtoto hashangai. Wakati ule wazee walikwenda Njombe kuitazama tu ile mashine, wakarudi wakisimulia.

Mabishano yakahamia kwenye mgahawa wangu. Mwinjilisti Clemens, kiongozi wa lile kanisa la kina Obed, alikuwa mteja wetu wa chai. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mwema kwa njia yake. Mgonjwa hakulala na njaa Clemens akijua. Lakini jambo hilo lilimwingia kama homa.

"Leo ni kadi," alisema. "Kesho watu hawatashika fedha kabisa. Hakuna noti, hakuna shilingi. Kila kitu namba. Na asiye na namba ya yule mnyama wa Ufunuo hanunui wala hauzi. Hamsikii kengele?"

Badru wangu alikuwa akila chapati. Alikuwa ameporwa fedha zote za viazi kwenye mlima Kitonga, wakampiga na kumwacha bila viatu. "Mwinjilisti," alisema, "mimi nasafiri na fedha za watu kwenye soksi. Ningekuwa na kadi siku ile, wale jamaa wangechukua nini? Kandambili?"

Watu wakacheka. Clemens hakucheka. "Kadi inapotea, Badru. Kadi inaibwa. Kwa hiyo hao walioileta watafikiri: tuiweke wapi isipotee wala kuibwa?" Akapandisha mkono wa shati, akagusa ngozi. "Hapa. Huko kwao wameshaanza. Wanachomeka chombo kidogo kama punje ya mchele."

"Siku wakija kunichomeka mchele," Badru akajibu, "nitakimbia kabla yako, na wewe una miguu mifupi. Lakini kadi ni kadi. Naiacha mezani, naondoka. Mwili siwezi kuuacha mezani."

Ilikuwa hoja nzuri, nami nilidhani imekwisha pale. Ndipo Obed aliposema, na kwa kuwa hakuwa msemaji, wote tulimgeukia.

"Baba alikuwa kwenye shirika la serikali, la mashamba," alisema. "Kabla halijauzwa walikuja watu na kalamu. Kila mfanyakazi akapewa namba. Wakasema ni ili mwenye mali mpya awafahamu. Baba alifurahi, akatuonyesha namba yake. Baada ya mavuno wakabandika namba getini, wakasema hawa wasirudi tena. Hawakubandika majina. Baba alisimama pale akiitafuta namba, na alipoiona hakujua amlilie nani, kwa sababu haikuwa imeandikwa kwamba ni yeye."

Alinyanyuka akaenda zake chumbani. Badru hakumalizia chapati. Tangu siku hiyo sikuweza kumwita Obed mjinga, hata baadaye nilipotamani kumwita hivyo.

Alikataa kadi. Meneja alimsihi, wenzake walimsihi. Wakamwambia hata walokole wenzake kiwandani wameichukua. Alisema hachukui. Basi hakuwa na njia ya kulipwa, na asiye na njia ya kulipwa hana kazi. Akarudi Makambako kabisa, akawa anapakia magunia stendi, jioni mgongo haunyooki. Idda hakumlaumu. Aliongeza siku za kumenya viazi kwangu na kuanza kukaanga maandazi. "Ni dhamiri yake, Mama Luqmani," aliniambia. "Mume asiye na dhamiri ni mzigo zaidi."

Kama mambo yangeishia hapo, ungekuwa umaskini tu, na umaskini tunaujua.

Jumapili moja mchana Clemens alileta kanisani televisheni na deki, na jenereta la kukodi. Wakaziba madirisha kwa mablanketi. Kanda ilitoka ng'ambo, ikizungumza Kiingereza, naye akatafsiri. Haya alinisimulia Idda mwenyewe kesho yake, mikono yake ndani ya beseni la viazi. Alisema walionyeshwa ukumbi wa starehe, vijana wanakunywa, na daktari aliyevaa glovu akimchoma msichana sindano nene kwenye mkono wa juu, akimwachia kitu chini ya ngozi. Kisha yule msichana anapitisha mkono mbele ya mashine, mashine inalia, na kinywaji kimeshalipiwa.

"Pale pale, Mama Luqmani," alisema. "Mkono wa juu, upande wa ndani. Na mimi bila kufikiri nikajigusa. Nilipogeuka, nikaona Baba Aneth ananitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyesahau mtoto njiani."

Obed alimwuliza Clemens. Clemens, kwa haki yake, hakusema kwamba ni chenyewe, kile cha kwenye kanda. Alisema hajui. Alisema kitu kilichotoka kwa watu walewale, kikawekwa mahali palepale, kwa sindano ileile, mtu mwenye hekima asingekaa nacho. Neno hilo lilitosha. Wiki haikwisha, waumini wote walilijua. Wanawake wakimsalimu Idda "Kamwene", walimshika mkono wa juu badala ya kiganja, wakipapasa. Wengine hawakumsalimu. Kwenye ushirika kikombe kilipita mbele yake bila kusimama.

Fidelia alikuja kwao akiwa na sare yake ya unesi kuwaeleza. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka uji. Alimwambia Obed ni dawa, kama kidonge, ila inatoka polepole.

"Nesi, umewahi kukipasua ukaona ndani?" Obed aliuliza.

"Sijawahi."

"Basi na wewe umeambiwa tu. Kama mimi."

Ukweli ni kwamba wote tulikuwa tumeambiwa tu.

Obed hakumpiga mkewe. Hakumfukuza. Alihamia kwenye mkeka, upande wa pili wa chumba, na kabla ya kula chakula alichopika Idda alisali kwa muda mrefu kiasi kwamba ugali ulipoa na watoto wakalala. "Angenipiga ningejua la kufanya," Idda aliniambia. "Ningerudi Uwemba. Lakini mtu anayekuogopa utamwacha vipi? Ananiogopa, Mama Luqmani. Amekuwa akilia."

Nilimwambia asivitoe. Badru alimwambia. Mama Yunisi alipanda gari kutoka Uwemba, akamwambia kwa Kibena maneno ambayo sikuyaelewa, lakini niliona akimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili. Idda alisikiliza wote kwa adabu. Kisha akaenda zahanati peke yake.

Fidelia alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akasema sheria haimruhusu kumlazimisha mtu kukaa navyo. Akampa ganzi, akakata, akavitoa. Idda akaviomba. Akavifunga kwenye kipande cha shashi ya kufungia vidonda, akaja navyo nyumbani, akamwambia Obed amwite mwinjilisti.

Nilisimama mlangoni kwangu, hatua chache kutoka pale walipokaa uani kwenye mwanga wa saa nane. Idda alifungua ile shashi juu ya kigoda. Akamkabidhi Obed wembe.

"Pasua, Baba Aneth. Uone mwenyewe, asikuambie mtu."

Obed alikata cha kwanza kwa urefu kama mtu anayechuna panzi. Akakata cha pili. Akavitandaza kwa ncha ya wembe. Palikuwa na mpira laini, na ndani yake kitu cheupe kama chaki. Akakiponda kwa ukucha, kikawa unga. Hakuna waya, hakuna punje, hakuna chochote cha kung'aa.

Mwinjilisti Clemens aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Bwana asifiwe," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Si chenyewe."

"Si chenyewe," Obed akarudia.

Idda alikaa akiwa ameushika mkono wake uliofungwa bandeji. Aliingia ndani akalala. Obed aliufukia ule unga kwa mguu, kisha akapiga magoti mlangoni, mbele ya watoto, mbele yangu na mbele ya wapangaji wote, akamwomba mkewe msamaha. Sijawahi kuona mwanamume akifanya hivyo, kabla wala baadaye. Jioni ile walikula pamoja, na ugali ulikuwa wa moto.

Asubuhi yake alikwenda naye zahanati, kuomba vingine.

Havikuwepo. Fidelia alisema vilikuja vichache kwa mpango maalumu na viliisha siku nyingi. Labda baada ya mvua. Akaahidi sindano ya miezi mitatu. Sindano nazo zilikuwa zimekwisha, zinasubiriwa kutoka wilayani. Aliandika maombi, akapiga simu Njombe, wakamwambia gari lina pancha, kisha wakamwambia bado. Aliwapa kinga za kiume, akawaeleza. Mama Yunisi akawafundisha ya kwake, ya kuhesabu siku, kama masista walivyomfundisha. Obed akasema atajichunga. Na nadhani alijichunga sana. Lakini walikuwa mke na mume waliokuwa wamepotezana, wakaonana tena. Sitasema zaidi.

Walihamia kijijini Kitandililo masika yale kulima mahindi, kwa sababu mgongo wa Obed ulikataa magunia. Sindano zilipofika, Fidelia alimtuma mtu kwangu, nami nikapanda baiskeli ya kukodi kumpelekea Idda habari. Nilimkuta shambani ameketi chini ya mahindi yaliyokwisha kuchanua, jembe kando. Aliponiona alitabasamu, akatikisa kichwa.

"Umechelewa, Mama Luqmani."

Nikaketi naye. Upepo ulikuwa baridi, ule wa Makambako unaoingia kwenye mifupa. Nilianza kulia mimi, yeye akanibembeleza.

"Usilie. Wengine wanapona," alisema. "Daktari hakusema lazima. Alisema hatari. Hata barabara ni hatari, na Badru anaendesha."

Alikwenda kliniki bila kukosa. Obed alimpeleka kwa baiskeli, halafu tumbo lilipokua akamsukuma huku akitembea kando. Hospitali walipanga siku ya kumpasua mapema, wakaandaa damu. Obed alitoa yake. Badru alitoa yake, akatania kwamba sasa mtoto atazaliwa akijua njia ya Dar es Salaam. Clemens alitoa pia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wanaposimulia humwacha.

Damu haikutosha. Kondo la nyuma lilikuwa limeshikana na kovu, na walipoligusa ilitoka kama maji ya bomba. Mtoto walimtoa analia, msichana. Idda alimsikia. Nesi aliyekuwepo alituambia aligeuza kichwa kuelekea upande wa sauti, akauliza kama ana vidole vyote. Walimjibu anavyo. Hakuuliza kitu kingine.

Tulimzika Uwemba, kwa sababu Mama Yunisi alisema mtoto wake amekwisha kuazimwa vya kutosha, sasa arudi kwao. Obed hakupinga. Padri na mwinjilisti walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja na kitabu chake, na hakuna aliyejua nani aanze. Mwishowe Mama Yunisi alianza wimbo yeye mwenyewe.

Watu walitegemea Obed avunjike, au aanze kunywa. Wengine walitaka amlaani Clemens, na Clemens mwenyewe nadhani aliitamani laana hiyo. Alikuwa akija Kitandililo, anakaa uani, anangoja. Obed alimpa kiti na maji. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Mwinjilisti, kanda ilikuwa yako. Wembe ulikuwa wangu. Nenda nyumbani." Clemens aliacha kanisa lile kabla ya mwaka kwisha, akaenda kulima kwao Mlangali. Sijasikia kama anahubiri.

Mabishano yenyewe hayakwisha. Kadi zilienea, hata Badru alipata yake, na siku ya kwanza mashine iliimeza akarudi akitukana. Baadaye fedha zikahamia kwenye simu. Bado wapo wanaosema kwamba siku inakuja, na kwamba itaingia chini ya ngozi. Sijui. Labda wana haki ya kuogopa. Mimi ninachojua ni kwamba mwanamke mmoja alikufa katikati ya hofu hiyo, na kilichoogopwa chenyewe hakikuwa hata kimefika Makambako.

Mama Yunisi alitaka kumchukua yule mtoto mchanga akae naye Uwemba. Obed alimwomba amwachie. "Nitajifunza," alisema. Na alijifunza: kuchemsha maziwa ya ng'ombe na kuyapoza, kumfunga mtoto mgongoni kwa khanga, kuamka usiku.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kitandililo mtoto akiwa bado mdogo, sikumkuta Obed nyumbani. Aneth alinielekeza mtoni. Walikuwepo wanawake wengi wanafua, na katikati yao Obed amechuchumaa na beseni la nepi, mtoto mgongoni, amekunja suruali hadi magotini. Alikuwa akifua vibaya, anasugua pasipo na uchafu. Wale wanawake walikuwa wamenyamaza kwa sababu yake, sijui kwa heshima au kwa aibu. Kisha mmoja wao, mama mtu mzima, akasogea, akampisha kwenye jiwe bapa.

"Njoo huku, baba," alisema. "Hilo lako linateleza."

Obed alisimama, akachukua beseni, akahamia.